Karani wa Kadi Afungiwa Nje

Jumatatu, 9 Agosti 1976. Iringa.
Baridi ya kukata masikio. Lakini mimi, Jailos, Karani wa Kadi, yadi nzima ya malori nimeishika! Watu sitini, makundi manne: Karakana, Ghala, Safari, Ofisi. Kundi lisipoandikwa kwenye kadi yako, Mzee Kalinga, mlinzi wa geti na milango yote, hakupitishi hata ukiwa mkwewe. Kadi tupu na muhuri hukaa Ofisini. Kadi mpya ikitoka, ya zamani huchanwa, na Mzee huamini mpya tu.
Shule niliishia la tano, sawa. Ila nimefika Ndola, nimekula kwa uma.
Jioni akaja fundi Asukile. Ndaga, kaka, akanishukuru kwa kilugha chao hata kabla ya kuomba. Jumapili mwanawe wa kwanza anabatizwa Mbeya, mkewe Lusia yuko huko kwa wazazi. Ruhusa kanyimwa. Lakini lori la Jumamosi linataka fundi wa njiani, na hapandi mtu asiye wa kundi la Safari. Nikamwambia ajihesabu amefika.

Jumanne, 10 Agosti.
Nimemwandikia kadi mpya: SAFARI. Wino mwekundu, mwandiko wa kizungu kabisa. Ya zamani nikaichana. Crispin wa ghala, ambaye naye yumo Ofisi, akachungulia akauliza mbona kuna neno moja tu. Nikamjibu wivu utamtoa kipara.

Jumatano, 11 Agosti.
Balaa! Mzee Kalinga kamzuia Asukile asiingie karakana. Kadi inasema Safari, Karakana haimo. Asukile akalia kwamba, baba, overoli hii inanijua miaka minne. Mzee akasema overoli haina muhuri.
Kumbe kundi la zamani nalo lilitakiwa kunakiliwa. Mtu ana mambo mengi kichwani!
Na lori lenyewe la Jumamosi liko humo ndani, giaboksi imetandazwa sakafuni, na wa kuirudisha ni Asukile peke yake.
Ningerekebisha palepale. Ila nikawaza: ubatizo bila mtu aliyetembea dunia, ni ubatizo huo? Nikaanza na kadi yangu kwanza. SAFARI. Nikachana ya zamani. Ya Asukile nikaiacha ya kesho.

Alhamisi, 12 Agosti.
Nimezuiwa mlango wa Ofisi! Mimi! Kamwene mwanangu, akanisalimu Mzee Kalinga kwa upole, kadi yako inasema Safari, basi safiri. Nikamwambia mwenye kuziandika ni mimi. Akasema ndiyo maana anaamini kilichoandikwa.
Meneja yuko Mbeya hadi Jumatatu. Wa kundi la Ofisi amebaki Crispin peke yake. Kumwomba Crispin? Bora nile udongo. Asukile alishinda kakaa juu ya tairi nje ya karakana, ananitazama. Nikapita kwa nyuma.

Ijumaa, 13 Agosti.
Saa kumi jioni nimekula udongo. Nilijiandaa kwa kejeli, nimetunga na majibu. Crispin akavuta kadi tupu. Aliandika kadi mbili, makundi yote, dakika tano. Akauliza tu kwa nini sikumwambia jana. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 15 Agosti.
Asukile hakulala tangu Ijumaa. Nilimshikia taa, nikampa supana zisizo zenyewe. Lori limewaka saa nne asubuhi hii. Mbeya ni mwendo wa siku nzima kwa lori letu, na ibada ilikuwa saa tatu. Alitoka chini ya injini, akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Akaniambia, basi kaka, mtoto keshapata jina. Akapanda akaenda hivyo hivyo.
Nimetembea mjini bila kumsalimia mtu.

Jumatatu, 16 Agosti.
Moyo mzito. Yule kijana hakunilaumu hata kwa jicho. Nimeapa: hafungiwi mtu tena nje kwa uzembe wa karani!
Dawa nimeipata. Kadi hizi zimechakaa, ndizo chanzo. Asubuhi nimezikusanya zote za waliomo yadini, na yangu, maana mimi sijipendelei. Nimezichana vipande vidogo ili zisichanganye mtu. Makundi? Yamo kichwani. Asukile atakaporudi atakuta kadi yenye makundi yote manne, wino wa kijani.
Sasa nimetoka kidogo hapa nje ya geti kwa Mama Yudith, chai na kiazi. Nikimaliza narudi Ofisini kuziandika.