Kuku wa Kifundo Changu

Jumatano, 1 Juni 1955
Niwie radhi, daftari. Wiki nane bila neno. Nilingoja kifundo cha mguu kipone, ili niandike habari ya ushindi. Hakikupona.

Mkesha wa Jumapili ya Matawi nilipanda ngazi kanisani, kumwonyesha Urbain, fundi wa cherehani, jinsi makuti yanavyofungwa. Nikaanguka mbele yake. Nikasema ni mteguko tu. Tangu hapo kifundo huvimba kila jioni, na mara nyingine hukwama katikati ya hatua.

Leo Léon, msaidizi wa daktari, amenionyesha picha ya mifupa. Kipande kimebanduka pamoja na gegedu lake, ule utando laini unaofanya mifupa iteleze, nacho kinazurura ndani ya kiungo. Daktari anataka kupasua Jumatatu. Halafu plasta, wiki sita, mguu usiguse ardhi.

Maandamano ya Ekaristi ni tarehe 12! Nimebeba bendera ya parokia miaka kumi na tisa. Anayefuata katika orodha ni Urbain. Nimemwambia Léon nitafikiri. Sikuona la kufikiri.

Ijumaa, 3 Juni
Nimekwenda kwa Mama Safi, muunga mifupa wa Wagenia, wale wavuvi wa kule kwenye maporomoko. Utaratibu wake unajulikana. Humvunja kuku mguu, akamfunga dawa ile ile anayomfunga mgonjwa. Siku kuku anapokanyaga, mgonjwa naye hukanyaga.

Aliuliza hospitali wamesema nini. Nikajibu: ufa mdogo. Kipande kinachozurura sikukitaja. Alinibonyeza kifundo kwa muda mrefu, akasema, “Papa Eugène, mutu unaweza kumudanganya. Kuku, hapana.”

Sikuelewa alikuwa anamsema nani. Nimeomba kumtunza kuku mwenyewe. Ni mweupe, mtulivu.

Jumapili, 5 Juni
Baada ya Misa hakuna aliyeniuliza habari zangu. Wote wameuliza habari za kuku. Hata padri, ambaye mwezi uliopita alihubiri dhidi ya mambo hayo, ameuliza kama anakula.

Anakula. Kusimama hasimami. Urbain amekuja mara mbili, akachuchumaa mbele ya tenga na kutikisa kichwa kwa huzuni ambayo siiamini. Padri ataamua Jumatano, baada ya mazoezi, nani atabeba bendera.

Jumatatu, 6 Juni
Siku ya kupasuliwa. Nimetuma habari hospitali kwamba nina mafua.

Nimenunua sokoni kuku mwingine mweupe, mzima kabisa. Nimemfunga mguu kwa kitambaa na majani. Yule wa kweli nimemficha jikoni. Mke wangu Honorine alisimama mlangoni akitazama. Kisha akauliza, akiniita kwa jina la binti yetu kama kawaida: “Papa Micheline, kenye kilivunjika iko mufupa, ao iko kiburi?”

Wanawake hawaelewi mipango.

Jumanne, 7 Juni
Kuku ametembea mbele ya mashahidi kumi na wawili! Padri alikuwa mmoja wao, ingawa alisema anapita tu. Baadhi walipiga makofi.

Halafu akaruka. Akavuka ua, akatua kwa jirani yetu Urbain. Nilipanga atembee, kuruka sikupanga.

Urbain alimrudisha kwapani, akakigeuza kitambaa polepole, kwa vidole vya fundi. Akasema mbele ya wote, “Bon, papa. Kama kuku inaruka, alors kesho na wewe utembee, tuone.”

Nilisema nitatembea.

Jumatano, 8 Juni
Mazoezi. Kutoka mlango wa kanisa hadi barabarani ni hatua sitini. Nilikwenda thelathini na moja, kichwa juu. Kiungo kikakwama. Urbain aliidaka bendera kwanza, kisha mimi. Sioni mpangilio huo kuwa wa haki.

Alimpa padri bendera, akanibeba mgongoni hadi hospitali. Hakunicheka. Hilo liliniuma kuliko mguu.

Ijumaa, 10 Juni
Nimepasuliwa jana. Léon amenieleza yote, ingawa sikumwomba. Kipande kilikuwa kimejificha, basi daktari alikata mfupa wa upande wa ndani wa kifundo ili apite, kama mtu afunguaye mlango. Akakitoa, akakwangua mahali kilipobandukia hadi pakatoka damu safi, kisha akaurudisha ule mfupa na kuukaza kwa skrubu. Kipande kimo katika chupa. Ni kidogo kama punje ya haragwe. Nilitarajia kikubwa zaidi.

Daktari anasema gegedu limechakaa kwa kutembelewa zaidi ya wiki tisa. Nikikanyaga kabla ya wakati, nitachechemea hadi kaburini. Mafua yangu hakuyaulizia.

Jumamosi, 11 Juni
Honorine ameleta supu. Nimeuliza ni kuku yupi. Amesema yule mwongo.

Padri amempa Urbain bendera. Nimeipokea habari hii kwa utulivu wa Kikristo, karibu saa nzima.

Kisha nimepata wazo. Daktari alikataza kukanyaga. Kubebwa hakukataza! Nimemwandikia padri kurasa nne. Kesho niketi katika kipoi, kile kiti cha miti miwili ya kubebea wakubwa, mguu juu ya mto, bendera mkononi. Wabebaji wanne watatosha. Nimependekeza Urbain awe wa mbele kulia. Anabeba vizuri, hayumbishi, nimemjaribu mwenyewe.

Hospitali nitaiarifu baadaye. Honorine amekwenda na barua. Padri akishaamua, nitaandika papo hapo.