Vyura Waliotolewa Nje Ili Wakaribishwe

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, pale Serikali ilipotangaza kwa tarumbeta kwamba chura, kinyonga, mjusi na jamaa zao wote walao wadudu sasa ni Wageni Rasmi wa Bustani, na watakaribishwa kwa heshima zote.

Fundi viatu alicheka hadi msumari ukamponyoka mdomoni. Uani kwake vyura walikuwa wamejikaribisha zamani. Walilala chini ya vigae vyenye unyevu, wakiamka wanafyeka viwavi kwenye tuta la mchicha aliloliacha marehemu mkewe. Tuta hilo ndilo alilobakiwa nalo. Gari la wagonjwa lilifika wameshamzika, na dereva akauliza mgonjwa yuko wapi.

Mchana akaingia Mkurugenzi wa Mapokezi, nyuma yake katibu na ndoo.

"Mzee, vyura hawa wamo humu kwa idhini ya nani?"

"Ya njaa yao."

"Basi hawajakaribishwa. Na asiyekaribishwa, kiutaratibu, hayupo. Tunawatoa nje, kisha Mheshimiwa aje awakaribishe ndani."

"Na viwavi je?"

"Viwavi hawamo kwenye tangazo."

Vyura wakasombwa. Viwavi, watu wasiosoma matangazo, wakakaa mezani.

"Shemeji!" dada wa marehemu alifoka juu ya ukuta. "Mchicha wa dada unabaki njiti, wewe unagonga soli tu?"

"Sasa nimgonge nani, shemeji? Serikali?"

Ijumaa Mkurugenzi akarudi, suti imenyooka, ndoo ikatuliwa kando ya tuta. Ndani vyura walikoroma kwa njaa. Lakini Mheshimiwa alikuwa kwenye semina ya kuwahi kazini, kwa hiyo kifuniko kisingeguswa.

Fundi akatazama majani yaliyosalia. Akajikohoza kwa adabu.

"Mkubwa, samahani. Wewe humu ulikaribishwa na nani?"

Mkurugenzi akamgeukia katibu. Katibu akatazama viatu vyake.

"Hatukupiga hata hodi, bosi."

"Mungu wangu! Katibu, hatupo!"

Wakatoka mbio, wakajipanga nje ya mlango, tai zikanyooshwa. Fundi akashusha komeo taratibu, akarudi, akapiga ndoo teke. Vyura wakamwagika kwenye mchicha kama watoto waliofunga shule. Shemeji akapiga kigelegele, nusura aanguke kutoka ukutani.

Nje, hodi zikaanza. Mpaka leo zinaendelea, kwa zamu, tena kwa unyenyekevu mkubwa:

"Mzee wetu, nasi tunakaribishwa lini?"