Mandusi la Liwali na Wakili Nisiyemtaka

Jumamosi, 3 Januari 2004

Asubuhi mbaya. Simu imelia nnakula mkate wa ufuta. Kijana, Kiarabu cha kitabuni, sauti ya upole. Anapiga kutoka Idiaa, kwa waendesha mashtaka wa serikali. Kesho asubuhi nifike. Nimemuuliza kwa heri au kwa shari. Kasema kwa sababu ya mandusi.

Mandusi! Lile sanduku la harusi, la misumari ya shaba, nililomuuzia Mswisi mmoja mstaafu aliyefikia hoteli ya Qurum. Limezuiliwa uwanja wa ndege. Mswisi kawaeleza kuwa ni la miaka mia mbili, lilikuwa la liwali wa Yiti, na aliyemwambia hayo yote ni mimi. Kumbe kuuza vitu vya kale vitoke nje bila ruhusa ni jinai. Watu hufungwa!

Hapa peke yetu, shajara, naweza kusema. Mandusi lile ni la mwaka jana. Nililinunua jipya soko la Matrah, nikalipandisha juu ya paa hapa Darsait, nikalipaka chai ya rangi na siki mpaka likazeeka kuliko mimi. Majirani walilalamika harufu. Ufundi una harufu yake.

Shariffa, mke wangu, anataka nichukue wakili leo hii. Na wakili anayemtaka yeye ni Muhsina, binti wa kaka yake. Kaka yake ni Msellem. Msellem wa nyumba ya Qurum, ambaye tangu nimemuoa dada yake ananitazama kama ankara ya umeme. Nimpe bintiye kesi yangu, nigeuke hadithi ya kahawa barazani kwake mpaka Idi? Hata! Ulimi nnao. Nakwenda peke yangu.

Jumapili, 4 Januari

Nimekwenda. Kanzu mpya, udi, kilemba cha sikukuu. Mchunguzi anaitwa Bwana Amur, umri wa mwanangu lau ningekuwa naye. Kanikaribisha vizuri, akanambia nina haki ya kuwa na wakili, na kama nataka tuahirishe mpaka nimpate. Nimecheka. Nimemjibu mawakili ni kwa wenye la kuficha. Akaandika.

Nikasema sana. Nilikuwa hodari leo, wallahi. Kaniuliza kama mandusi ni la kale kweli. Hapo ndipo. Ningesema ni jipya, yakaisha. Lakini alikuwa kanitazama kwa heshima, kama watu wanavyomtazama mtaalamu, na mimi mara ya mwisho kutazamwa hivyo sikumbuki. Nikasema ni la kale. Nikaongeza miaka hamsini. Akauliza nimeshauza mengine mangapi. Sijauza jingine hata moja, lakini nani anataka kuonekana mgeni wa biashara? Nikasema, ah, mengi.

Akaandika kwa muda mrefu.

Paspoti wameichukua. Ili nirudi nyumbani nimetakiwa mtu wa kunidhamini. Shariffa kampigia nani? Msellem. Kaja na miwani yake ya dhahabu, katia saini, kanirudisha mpaka Darsait. Sijapata kusikia kiyoyozi cha gari kikipiga kelele vile. Mlangoni ndipo aliposema, "Ghanim, ndugu yangu, nyamaza. Hilo tu. Nyamaza."

Mimi, ninyamaze! Mtu anajieleza, wao wanaona wivu.

Jumatatu, 5 Januari

Nimekubali wakili. Lakini si Muhsina. Thani, jirani yangu anayewafuatilia watu karatasi zao maofisini, anamjua wakili mkubwa Ruwi. Tumekwenda. Lifti ya vioo! Zulia linameza viatu! Wakili mwenyewe, Ustadh Maan, ana tai ya hariri na kalamu nzito kama nyundo. Nimempenda papo hapo.

Kasikiliza hadithi yangu, kisha akauliza mzigo uliharibikia melini au bandarini. Nikamwambia haukuharibika, mimi ndiye nnayeharibikiwa. Akafikiri sana. Akasema tunaweza kulidai shirika la ndege.

Nimerudi nyumbani nnapiga mluzi. Shariffa akauliza suali moja: huyo ameshawahi kumtetea mtu kesi ya jinai? Sikumuuliza. Nilimuuliza tai kanunua wapi. Nimempigia simu. Mtu mkweli, kakiri mara moja: kazi yake ni meli, bima na makampuni, na mahakama ya jinai aliingia mara moja tu, wakati wa kusoma, akakaa nyuma.

Shariffa akaingia jikoni. Akapika wali bila nazi.

Jumatano, 7 Januari

Mpango! Tena safi. Shahidi wao ni mmoja tu, yule Mswisi. Akisema mandusi nilimpa zawadi, hakuna mauzo, hakuna kesi. Nimenunua halwa ya zafarani, nikaenda hotelini kwake Qurum kumshawishi.

Nimemkuta ukumbini anakunywa chai. Na Bwana Amur. Na mkalimani.

Nikajificha nyuma ya mtende wa chungu. Mtende mwembamba, mimi si mwembamba. Bwana Amur akaniamkia kwa sauti, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaniuliza kama najua kuwa kumfuata shahidi ni shauri jingine peke yake. Nikamjibu nimekuja kuogelea. Kanitazama kanzu. Kanitazama kilemba. Kaitazama halwa.

Mswisi akanipungia mkono kwa furaha. Maskini, bado ananipenda.

Sasa naweza kushitakiwa mara mbili. Nimekula halwa yote ndani ya gari.

Ijumaa, 9 Januari

Nimerudi kutoka msikitini, nimekuta mkoba mdogo nyuma ya mlango. Ndani yake vikoi viwili, msuaki, kanzu ya kulalia, dawa zangu za presha zimefungwa kwa raba. Nikajua Shariffa ananihama, na kwa haraka kachukua nguo zangu badala ya zake.

Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote. Mkoba ni wangu. Kauweka tayari wasije wakanichukua ghafla nikakosa dawa. Alilisema hilo huku akikunja nguo nyingine, hakunyanyua uso. Miaka ishirini na sita tumeishi wawili, hatukujaaliwa mtoto, na sijapata kufikiria jioni ya nyumba hii atakaa na nani.

Nimesema haya, mpigie Muhsina.

Jumamosi, 10 Januari

Nimekwenda na Shariffa. Ofisi ya Muhsina haina zulia. Ina viti vinne na mteja mwingine anatoka analia kwa furaha, nikaona dalili njema. Kanibusu mkono, kaniita ami, kisha akafunga mlango na adabu zikaisha. Amri tatu. Nisizungumze na mtu yeyote kuhusu kesi bila yeye kuwapo. Nisimsogelee Mswisi hata kwa salamu. Na yeye nimwambie kweli, yote, kwa sababu kazi yake ni kunitetea, si kunihukumu, na hawezi kunitetea kwa asichokijua.

Nikamwambia mandusi ni la liwali wa Yiti.

Akaweka kalamu chini. "Ami Ghanim. Mandusi la nani?"

Nikatazama dari. Shariffa ndiye aliyejibu: "La nani! Mwezi mzima nyumba yangu haikuwa na majani ya chai."

Muhsina kacheka mpaka wanja umemchuruzika. Alipotulia akaeleza. Mandusi likiwa la kale, nimeuza mali ya historia ya nchi, na hapo kuna jela. Likiwa jipya, kesi hiyo inakufa. Inabaki kuwa nimemdanganya mzee wa watu, na hilo linahitaji kumrejeshea alichotoa, kumwomba radhi na kutaraji asamehe.

Yaani nichague: mtaalamu gerezani au muongo nyumbani. Nimeomba siku mbili nifikirie. Shariffa kasimama, kachukua mkoba wake. Nimefikiri upesi.

Jumanne, 13 Januari

Siku kubwa kabisa ya maisha yangu! Na mbaya.

Wamelileta mandusi mbele ya Bwana Amur, na mtaalamu wa vitu vya kale kaja kulikagua. Mzee wa heshima, tochi mkononi. Msellem pia alikuwapo, kama mdhamini. Muhsina kaniapisha nisifungue mdomo.

Mtaalamu kazunguka. Kagonga. Kanusa. Akasema bado anataka kulipima zaidi, lakini kwa macho tu angesema ni la kale, na zuri.

La kale! Na zuri! Mbele ya Msellem! Nilitaka kuruka. Nikamgeukia Muhsina tufurahi pamoja. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa. Hapo nikakumbuka jela.

Akaninong'oneza: kama pana ushahidi wowote kuwa ni jipya, nimwambie sasa. Upo. Upo mmoja, na mimi peke yangu ndiye nnayeujua. Chini ya misumari. Nilipaka chai misumari ikiwa mahala pake, kwa uvivu. Lakini kusema hivyo mbele ya mtu aliyekwisha kuisifu kazi yangu! Sikuweza. Nikatazama mlangoni. Shariffa alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, ule mkoba wa dawa juu ya mapaja.

Nikamwambia Muhsina. Muhsina akamwomba mtaalamu ang'oe msumari mmoja. Akang'oa. Mbao chini yake nyeupe, mpya, na ikatoka harufu ya siki. Akang'oa wa pili. Yale yale. Yule mzee akacheka, akaomba apewe mapishi yake.

Nikafungua mdomo nimpe. Muhsina kanikanyaga kidole.

Jumatano, 21 Januari

Imekwisha! Shitaka la vitu vya kale limefutwa. Mswisi kakubali kurejeshewa haki yake na kuombwa radhi. Barua ya radhi kaiandika Muhsina, yangu ilikuwa na sifa nyingi za mandusi. Kwa habari ya hotelini nimepewa onyo kali na nimeweka ahadi. Paspoti ninayo.

Shariffa kautoa mkoba nyuma ya mlango, akarudisha dawa kabatini. Wali umerudi na nazi.

Chakula cha mchana kwa Msellem, Qurum. Kahadithia wageni kisa changu chote, mpaka mtende. Watu wamelia kwa kicheko. Aliponisindikiza, akanishika bega, akasema alinidhamini kwa sababu mimi ni ndugu yake na angenidhamini tena. Sijui alikuwa na maana gani. Nnachunguza.

Jumamosi, 24 Januari

Nimekaa, nimepima mambo kwa utulivu. Nani aliyeishinda kesi hii? Muhsina alisema maneno machache. Neno la msumari lilikuwa langu. Ukweli uko wazi: nina kipaji cha sheria, kimechelewa tu kugunduliwa.

Nimechapisha kadi. Ghanim bin Nasib, Mshauri wa Watuhumiwa. Herufi za dhahabu.

Muhsina kapiga simu, kafoka kuwa kutoa ushauri wa sheria bila leseni ni kosa, na safari hii hatacheka. Wivu wa kazi. Nimemsamehe, ni mtoto.

Mteja wa kwanza nimeshampata: Khalil, muuza vipuri wa mtaa wa pili. Kaitwa aeleze injini fulani zimemfikiaje. Alitaka kuchukua wakili. Nikamzuia kwa nguvu zote. Nikamwambia aende peke yake, avae vizuri, aanze yeye kusema, aseme kila kitu, na akiulizwa kama ni injini moja tu, asijidogoshe.

Kaondoka asubuhi. Alasiri imeadhiniwa, bado hajarudi.

Bila shaka wanamsikiliza vizuri.