Ombi la Kufutwa kwa Sasa Hivi

Kwa Mwalimu wa Kiingereza,
Darasa la Jioni la Watu Wazima,
Ng'ambo ya barabara.

Mwalimu Mheshimiwa,

KUHUSU: SOMO LAKO LA KWANZA NA MADHARA YAKE KWA WATU WENYE KAZI ZAO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na chaki zako. Mimi ni fundi makochi, yule mwenye kibanda kinachotazamana na madirisha yako, ambayo, kama unavyojua, hayana vioo. Sina ugomvi na elimu. Nilipelekwa shule nikakaa huko mpaka waliponichoka wao. Sina ugomvi hata na Kiingereza chenyewe; ni lugha ya watu, na wenyewe wanaipenda. Ninacholalamikia ni somo lako la kwanza, ambalo umeling'ang'ania tangu mvua zilipoanza kana kwamba lugha hiyo haina somo la pili.

Jirani yangu fundi redio, ambaye Kiingereza chake alikiokota kwenye maboksi ya redio na hutafsiri bila kuombwa, ameniambia kwamba unawafundisha wanafunzi kutenganisha mambo mawili: lile ambalo mtu hulifanya kila siku, na lile analolifanya sasa hivi. Sisi wengine tumeyaweka mambo hayo kapu moja maisha yetu yote na hatujapungukiwa kitu. Niruhusu nikupangie malalamiko yangu.

1. Kazi ya nyumbani. Badala ya kuwapa watu wazima wako sentensi za kunakili, umewatuma wakamtazame mtu mtaani, waone anafanya nini, kisha warudi waseme mbele ya wenzao. Mtaa una watu, Mwalimu. Kuna kinyozi, kuna mwenye cherehani, kuna fundi redio mwenyewe. Lakini kwa kuwa kibanda changu ndicho kilicho mbele ya pua zao, wote wananitazama mimi. Mtu anasimama kwenye mtaro, ananikodolea macho, midomo inamcheza, halafu anavuka barabara. Punde nasikia darasa zima likiimba Kiingereza, na fundi redio ananitafsiria kwa furaha: fundi analala. Tena huridhiki na mara moja. Unawarudisha mpaka watamke vizuri. Fundi analala, fundi analala, fundi analala, mpaka mimi mwenyewe naamka.

Nataka ieleweke kwamba nilikuwa kazini. Kochi lenye sponji jipya lazima lijaribiwe na mtu mwenye uzito wake, tena kwa utulivu, macho yakiwa yamefumbwa yasije yakauingilia uamuzi wa mgongo. Inaelekea Kiingereza chenu hakina neno la kazi hiyo, ndiyo maana wanafunzi wako wanachukua lililo karibu.

2. Mama mkwe. Mama mkwe wangu ni mwanafunzi wako, yule wa mbele kabisa, mwenye miwani na sauti ya kuitia watu upande wa pili wa bonde. Makochi yake yako kwangu. Niliyavua vitambaa kwa mikono yangu, kwa mapenzi, na tangu hapo yeye anakalia ndoo aliyoifunika taulo. Kila alipouliza, nilimtuma mke wangu akamwambie: namalizia. Mke wangu akaenda, akasema, mama, anamalizia. Mama akaridhika, akarudi kwenye ndoo yake, na ukoo wetu ukawa na amani ambayo koo nyingi zinaitafuta hazijaipata.

Ndipo ukampa kazi ya nyumbani, akaja mwenyewe. Mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nilipomwona mkwe nikaingia nyuma ya godoro. Hiyo ni heshima, Mwalimu. Mkwe hakodolewi macho. Yeye akavuka barabara, akasimama mbele ya darasa, akatangaza: mkwe wangu anajificha nyuma ya godoro. Wewe, badala ya kumfundisha kutunza siri za familia, ukamuuliza, ni sasa hivi au ni kila siku? Akajibu: vyote viwili, Mwalimu. Makofi niliyasikia kwa masikio yangu, hayakuhitaji tafsiri.

3. Mke wangu. Hapa naomba uweke chaki chini. Mke wangu hasomi kwako, ila jioni ile alikuwa amempelekea mama yake mwavuli, akawa amesimama mlangoni kwako, na mama yake akamtafsiria yote. Alirudi nyumbani bila kupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu kwamba kuwazungusha wateja ni shauri langu na wao, lakini mimi nimeuchukua mdomo wake yeye nikamdanganyia mama aliyemzaa. Akafunga nguo zake, akaenda kwa mama yake. Sasa nyumba ile ina watu wawili na ndoo moja, na wamezungumza wakakubaliana kwamba yeye atarudi makochi yakishatangulia.

Nyumba imenishinda, Mwalimu. Napika mwenyewe, naunguza mwenyewe, nakula mwenyewe. Nikisema neno la kijinga hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo naendelea kulisema mpaka mwisho. Namtamani hata akinigombeza.

4. Wateja wengine. Wanasema ahadi ni deni. Sawa. Lakini "namalizia" si ahadi, ni salamu ya ufundi. Mteja anasema habari za kazi, fundi anasema namalizia, kila mtu anakwenda zake na moyo mweupe. Juzi mwenye duka la dawa, ambaye naye umeshamharibu kwa masomo yako, aliingia kibandani, akalitazama kochi lake, akaitazama mikono yangu, akaniuliza: unamalizia kila siku au unamalizia sasa hivi? Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Mteja wa zamani angekaribishwa kikombe, tukaongea habari za dunia, akaondoka. Huyu alikalia fremu tupu akasema anasubiri aone. Ilinibidi nifanye kazi mbele yake kama mwizi aliyekamatwa.

5. Taifa. Usidhani naongea kwa ajili ya tumbo langu peke yangu. Mwenye cherehani amefunga mlango wa mbele, siku hizi anahudumia dirishani. Na wanafunzi wako wakishaumaliza mtaa huu wataingia maofisini. Watasimama kwa karani anayesema faili lako linashughulikiwa, watanyoosha shingo waone ni nani anayelishughulikia. Watawauliza watu wa maji, wanaotengeneza bomba letu tangu kabla sijaoa, hilo bomba saa hii liko mkononi mwa nani. Watamuuliza mheshimiwa anayewapigania wananchi: unatupigania sasa hivi? Uko wapi? Mbona viatu vyako havina vumbi? Nchi yetu imekaa juu ya mambo yanayofanyika, Mwalimu. Watu wakianza kuchungulia kama yanafanyika kweli, itakosa pa kukaa.

Kwa sababu hizo naomba ulifute somo hilo na uanze na wakati ujao. Ni wakati mpana, wenye nafasi ya kila mtu: nitamaliza, nitaleta, utafurahi. Mtu anayesema kesho hakuna anayeweza kumchungulia kutoka mtaroni. Ikishindikana, fundisha wakati uliopita, maana yaliyopita si ndwele. Na kama mkubwa wako anakulazimisha ufundishe sasa hivi, basi wanafunzi wageuze shingo kidogo kushoto, wamtazame fundi redio. Kwa upande wangu, nimekiona kiti chako kinavyokuchoma. Kilete nikiwekee sponji. Siku yoyote utakayouliza habari zake utapata jibu zuri.

Nisalimie darasa zima, mlinzi wa getini na yule anayefuta ubao. Mwenye duka la dawa mwambie ile fremu ina msumari upande wa kulia. Mama mkwe msalimie kwa heshima zote, huku ukiangalia pembeni kwa niaba yangu.

Ni mimi, ninayekuheshimu na kukusikia kila jioni nitake nisitake,

Fundi Makochi

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, imenibidi niichane. Asubuhi nilimpelekea mke wangu ujumbe wa simu kwamba makochi ya mama yamekwisha na yanapakiwa kwenye mkokoteni. Ni kweli tupu. Muulize fundi redio, ndiye aliyenishikia upande wa pili. Mke wangu amenijibu kwa neno moja: nakuja.

Mwalimu, neno hilo mimi nalijua. Nimewaambia watu neno hilo nikiwa nimelala chali. Nimefagia nyumba, nimebandika chai, nimeipua, nimeibandika tena, na jua linazama. Tafadhali, usifute kitu. Wape wanafunzi wako kazi ya nyumbani leo hii, kabla hawajakaa. Waende kwa mama mkwe, wasimame mlangoni, wamtazame mke wangu anafanya nini. Wakimwona anafunga nguo zake, waje mbio waniambie, hata kwa Kiingereza. Nitaelewa.