Utulivu Wangu na Koti la Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kusudi la maisha! Lilikuwa kwenye kitabu alichosahau mteja mfukoni. Wastoiko, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki, wanafundisha kwamba yasiyo katika uwezo wako yasikusumbue. Safi kabisa. Bosi anastaafu, na duka lake la udobi atamwachia mmoja wetu alisimamie: mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji anajua kazi, ila anafoka ovyo. Mimi nitatulia kama maji ya mtungini.

Jumanne, 4 Machi
Mama mmoja kalalamika shuka zake zimechelewa. Nikamweleza kwa upole kwamba yaliyopita hayamo katika uwezo wangu. Akasema na kulipa hakumo katika uwezo wake, akabeba shuka zake huyo! Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Sikukasirika. Nilimfichia tu chupa yake ya kunyunyizia maji.

Jumatano, 5 Machi
Kitabu kinaagiza uwaze mabaya mapema, yakija usitetereke. Kwa nini nifaidi peke yangu? Bwana harusi alipoleta koti lake la Jumamosi, nikamwomba afumbe macho alione limeungua mgongoni, tundu la ukubwa wa sahani. Akanipokonya koti, mbio kwa dobi wa ng'ambo ya barabara. Bosi alinitazama kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe nadhani ni cheo changu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudi, mke wangu hajapika. Anasema njaa yangu haimo katika uwezo wake. Falsafa hii si ya kila mtu! Kiporo changu kaka yake alishakimaliza.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana harusi karudi. Dobi wa ng'ambo ana kazi nyingi. Nikaanza kupiga pasi, bosi akiwa pembeni, nikawa namweleza faida za utulivu. Shemeji akafoka, "Pasi! Pasi, wewe!" Nikamjibu kwamba mwenye hekima hashtushwi na kelele. Harufu ikamshtua bosi. Tundu mgongoni, ukubwa wa sahani. Bwana harusi alilia, na mimi nilikuwa nimemwandaa!

Jumamosi, 8 Machi
Funguo kapewa shemeji. Nimelia stoo, katikati ya mashuka. Inauma. Bosi kasema anamwamini kwa sababu anayefoka ndiye anayejali.
Kumbe siri ni kufoka! Jumatatu nitamfokea kila mteja atakayeingia.