Baba wa Injini Mapacha

Waheshimiwa wakubwa, waheshimiwa wa kati, na waheshimiwa ambao hawakufika lakini wametuma viti vyao. Ekselansi mwakilishi wa mwakilishi. Chifu Kayembe, mwenye ardhi hii ambayo nimeikanyaga kabla ya kuomba ruhusa. Baba Padri, ambaye naambiwa jino linamsumbua. Mzee Lukmani, mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Kinkondja, pamoja na ukoo wake uliotoka Maniema kabla mimi sijazaliwa wala kuteuliwa. Akina mama, akina baba. Na ninyi ndugu mliokimbia vita vya Malemba-Nkulu mkaja kukaa hapa Kamina, upande huu wa reli, kwa muda mfupi ambao sasa umeota mvi: mimi, Amédée Muteba, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Uchaguzi wa Injini za Pikapu za Miaka Ijayo, nasimama mbele yenu. (Makofi machache. Sauti: “Simama, papa, lakini gari iko wapi?”)

Swali zuri, na litajibiwa katika sehemu ya nne ya hotuba. Kwanza nafurahi kumwona hapa mbele, juu ya mkeka, binti yetu Talitha, mwenye mimba iliyotimia, ambaye ameletwa kwa sababu tangazo letu lilisema kwamba baada ya hotuba pikapu ya wagonjwa itampeleka maternite, kwenye nyumba ya kuzalia ng'ambo ya reli. Huo ndio uraia, kungojea huduma mahali ambapo huduma imetajwa. (Mama Éliane, anayemshikilia Talitha mgongo: “Uchungu imeanza, Ekselansi. Fupisha maneno.”) Nitafupisha, mama, mara tu baada ya kurefusha, kwa maana huwezi kufupisha kitu ambacho hakijawa kirefu.

Ndugu wananchi, wengine huanza na gari. Sisi, kufuatana na etidi ya faisabilite, yaani uchunguzi wa kama jambo linawezekana, tuliyoifanya katika ofisi yenye kivuli cha kutosha, tumeanza na injini, kwa sababu gari bila injini ni kabati, lakini injini bila gari ni matumaini. Modeli za miaka ijayo zina injini za aina nyingi, na demokrasia inadai kwamba mchague. Asilimia mia moja na nne ya wananchi wa Haut-Lomami wameniunga mkono katika jambo hili, wakiwemo wale watakaozaliwa. (Talitha anaguna. Sauti: “Huyo wa tumbo ameanza kukataa!” Kicheko.)

Injini ya kwanza hutumia esansi, yaani petroli. Ni injini nyepesi, yenye haraka, lakini esansi yenyewe hufika Kamina katika chupa, pembeni mwa barabara, na serikali haiwezi kunywa mahali pamoja na pikipiki. Injini ya pili ni ya mazutu, yaani dizeli, imara, yenye nguvu ya kuvuta, yenye turbo. Na turbo, kwa wasiosoma, ni chombo kinachofanya gari lifike kabla ya barabara. Tuliomba silinda tano, ili kila teritwari ya jimbo letu ipate yake bila wivu, lakini wajumbe wa Kamati wakagombana juu ya silinda ya katikati, na mpaka leo wawili hawaamkiani. Injini ya tatu ni ya elektriki. Wapinzani wanauliza umeme utatoka wapi. Hawa ni watu wasioelewa maendeleo! Gari likishahitaji umeme, umeme utaona haya, utakuja wenyewe. Iko pia ya nne, inayotumia hewa inayotolewa katika maji, na ziwa letu la Kisale limejaa maji, ila wavuvi wa Sanga walituuliza samaki watabaki na nini, nasi tukaunda komisyo ya kuwahurumia samaki. (Mzee Lukmani: “Na miye nitauza nini, huruma?”)

(Talitha anashika mkono wa Mama Éliane kwa nguvu. Mama Éliane anasimama: “Baba, sikia. Gisèle naye alikuwa na mimba, tulimubeba juu ya kitanda, banaume bane, tukachelewa, akatufia pale pale kwenye reli. Huyu hapana. Pikapu iko ao haiko?”)

Mama, umegusa moyo wa takwimu zetu. Naomba mkutano ukae kimya kwa heshima ya marehemu. (Kimya. Kimya hicho ni cha kweli. Hata msemaji anavua kofia, kisha anaitazama kama mtu asiyejua ilikotoka.) Asanteni. Nakaribia sehemu ya nne.

Sehemu ya nne inahusu injini ambayo Kamati, yaani mimi, imeipendekeza: ibridi. Ibridi, ndugu zangu, si injini moja. Ni injini mbili katika tumbo la gari moja; moja ya mafuta, moja ya umeme; moja ikilala, nyingine inakesha. Wazungu hueleza kwa michoro, lakini sisi Waluba hatuhitaji michoro. Mbili katika tumbo moja ni mapacha! Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, ya kwanza naiita Kyungu na ya pili naiita Kabange, kama babu zetu walivyowaita watoto mapacha, na mimi niliyezileta najitangaza leo rasmi kuwa Sha-Mapasa, baba wa mapacha wa jimbo zima! (Watu wanatazamana. Kisha, polepole, vigelegele. Chifu Kayembe anaweka fimbo yake chini na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.)

Naona mmefurahi.

(Mama Éliane: “Umesema Sha-Mapasa? Mbele ya bantu bote?”) Nimesema, mama, na ninarudia. (“Basi unajua kawaida. Miye niko Ina-Mapasa, nilizaa mapasa mara mbili. Baba wa mapasa anatukanwa, na hakasirike.”) Desturi naijua na ninaiheshimu. Baba wa mapacha hutukanwa kwa nyimbo ili watoto wapate nguvu, naye hushukuru kila tusi. Huo ni urithi wetu wa utamaduni, karibuni mtukane kwa mpangilio. (Mkutano mzima unasimama. Akina mama wanapiga makofi ya ngoma. Wa kwanza: “Sha-Mapasa, kichwa yako njo ile moteri ya esansi: kelele mingi, mafuta hakuna!”) Asante, mama. (Wa pili: “Tumbo yako imebeba mapasa tangu miaka kumi, na haizae!”) Nashukuru, imeandikwa moyoni. (Mzee Lukmani, akifuta machozi ya kicheko: “Samaki wangu anaoza kuanzia kichwa, weye ulioza kuanzia kofia!”) Asante sana, mzee wangu, watoto wamepata nguvu. (Sauti ya nyuma: “Unakulaka na ulimi kama kinyonga, unatembeaka kama bata aliyeteuliwa!”) Asante. Nadhani sasa nyimbo zinatosha. (“Hazijatosha! Mapasa iko mbili, matusi pia mbili mbili!” Wanaanza upya, kila tusi mara ya pili, kwa sauti ya pili. Polisi aliyewekwa kulinda hotuba anaimba kuliko wote.)

Nashukuru. Nashukuru tena. Naomba maji.

(Talitha analia kwa sauti. Ngoma ya makofi inakatika mara moja. Mama Éliane ananyoosha mkono: “Sha-Mapasa, kawaida ya mwisho. Ina-Mapasa akikuomba kitu mbele ya bantu, hauna ruhusa ya kumunyima. Ni kweli ao ni bongo?”) Ni kweli, mama. Baba wa mapacha akimnyima mama wa mapacha, nyumba yake hupoa. (“Chifu, umesikia?” Chifu Kayembe: “Nimesikia.” Mama Éliane: “Basi ninaomba ile kinga iliyokuleta. Ile iliyo nyuma ya jukwaa.”)

Mama, usafiri rasmi wa ujumbe umeegeshwa huko kwa sababu za usalama, na kwa kanuni za protokoli hauwezi… (“Kinga ni baiskeli ya Lumbu!” wanaitika watu. Lumbu, mwenye baiskeli ya kubeba abiria, anaitoa tayari. Kwenye kiti cha nyuma bado umefungwa mto mwekundu wa Mwenyekiti.) Kwa kuzingatia hali halisi, Kamati imekubali kwa kauli moja. Mto ubaki. (Mto unakwenda. Talitha anapakizwa, Mama Éliane anakimbia ubavuni akimshika kiuno, vijana wanasukuma kwa nyuma kwenye mchanga, na Lumbu anakanyaga pedali akisimama.)

Wakati zoezi hilo likiendelea, ningependa kufafanua suala la giaboksi. (Hakuna anayesikiliza. Wote wamegeukia reli. Kabange, fundi wa matofali aliyezaliwa pacha, amepanda juu ya lundo lake: “Bamefika mawe ya reli… Bamesimama… Banainua baiskeli, banainua na yeye juu… Bamevuka! Bamevuka reli! Ninaona askari ya maternite anafungua mulango!” Shangwe, vigelegele, wengine wanalia. Msemaji anainamisha kichwa kulia na kushoto, akipokea.)

Asanteni, asanteni. Mapokezi haya ya injini ya ibridi yanazidi makadirio yetu. Basi kwa kumalizia: Injini moja, (kimya) wananchi wote! Kyungu na Kabange, (kimya) mbele daima! Leo mazutu, kesho umeme, (Mzee Lukmani: “Na jana?”) jana tulikuwa katika etidi.

Imebaki kushukuru. Nawashukuru watengenezaji wa pikapu, ambao tutawajulisha kwamba tumewachagua mara tutakapojua ni akina nani. Namshukuru dereva, ambaye atazaliwa katika bajeti ijayo. Nalishukuru gazeti la zamani lililofungiwa mikate yangu, ambamo niliona picha ya injini zote tano. Naishukuru pikapu yenyewe, ambayo kwa unyenyekevu wake haijaagizwa, haijalipiwa, haijaombwa, wala haijawahi kufikiriwa na mtu mwingine isipokuwa mimi, tena kwa siku nzuri. Na iandikwe kwamba mradi umemsafirisha mnufaika wake wa kwanza.

Mwisho kabisa, waheshimiwa, kwa kuwa usafiri rasmi umetoka kikazi, naomba kuuliza bila kuvunja protokoli: kuna yeyote anayekwenda upande wa mjini?

(Mzee Lukmani anakunja mkeka aliouacha Talitha, anaupangusa mchanga, anaubana kwapani. “Ekselansi,” anamwambia kwa upole, “injini yako ya mapasa uko nayo. Chagua: uanze na muguu wa kuume, ao wa kushoto.”)