Maziwa ya Waliokonda

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Jiwe limenichana muundi huko chini mgodini. Kidonda kidogo. Bwana Bashiri, dresa anayefunga vidonda zahanati, kaniamuru nirudi kila asubuhi kukisafisha. Siendi! Jumamosi tunapimwa uzito, na aliyekonda anaandikiwa kopo la maziwa kila siku. Bujiku, ninayekaa naye chumba kimoja hapa kambini, anapata tangu Pasaka. Hunywa taratibu, akinitazama. Sasa zamu yangu. Kidonda kitanikondesha.

Jumatano, 5 Agosti
Mguu umevimba. Nimeufunga kitambaa, Bashiri asiuone. Natetemeka ndani ya blanketi mbili na huku mwili unawaka moto. Ugali haupiti. Mkanda umeingia tundu mbili! Nimelala tu, lakini moyo unakwenda mbio kama nasukuma toroli. Bujiku kataka kumwita Bashiri. Nimemwambia aache wivu.

Alhamisi, 6 Agosti
Bujiku anadai naongea na ukuta. Uongo. Ukuta ndio ulioanza.

Jumatatu, 10 Agosti
Niko hospitali. Bujiku alinibeba mgongoni. Nadungwa penisilini mpaka makalio hayana nafasi. Bashiri kanifuata huku, kafoka: sumu ya kidonda iliingia kwenye damu, ningechelewa siku moja ningezikwa. Eti mwili ukipigana vita hiyo huwaka kama jiko, na kuni zikiisha huchoma nguzo za nyumba. Umekula nyama ya mapaja yangu mwenyewe! Tena mkojo wangu umekutwa na sukari. Ini linaimwaga kwenye damu, nyama zinashindwa kuitumia. Nikamwuliza kama basi naweza kupewa chai ya kuitilia. Akaondoka.

Nimelia. Niliogopa kweli. Jioni Bujiku kaja na kopo lake la maziwa, kaninywesha lote. Nimetafuta la kumsema, nimekosa.

Jumamosi, 22 Agosti
Nimepimwa. Ratili kumi na nane zimepotea! Nimeandikiwa maziwa! Bujiku kanenepa, kakatiwa. Bashiri kanionya nisiache hata tone, kwa kuwa nyama iliyoliwa hurudi polepole sana. Uzito wangu ukirudi, maziwa basi.

Nimeliwaza jambo hili kutwa nzima. Mtego wao nimeuona. Kuanzia kesho sinywi hata funda moja, nisije nikanenepa wakanikatia maziwa.